Salome Kinanda na Wimbo wa Mbona

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kunong'ona. Msicheke, vijana. Wako waliofuga, wako waliolima mpunga, wako waliouza soda pale njia panda ya Garsen. Mimi nilikaa chini ya jukwaa na daftari la mchezo magotini, nikiwarushia waigizaji maneno yaliyowatoroka. Mtazamaji hakupaswa kuniona wala kunisikia. Mwigizaji akikumbuka kila kitu, sifa ni zake. Akisahau, lawama ni zangu. Ni kazi kama ya figo: hakuna anayeitaja mpaka iharibike.

Niliipata kwa sababu moja tu, nayo ni kusoma. Nilikuwa nimetoka ngumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, ambako nilikaa dawati moja na baba mkwe wangu tukinakiliana majibu. Cheti changu nilikitundika ukutani juu ya picha ya harusi, na mke wangu alinuna wiki mbili. Katika kikundi chetu cha watu saba, tulioweza kusoma tulikuwa wawili, na huyo mwingine alikuwa mpiga ngoma. Mikono yake haikuwa na nafasi.

Michezo yetu iliimbwa mwanzo mpaka mwisho. Mtu akitaka chumvi, aliimba. Akifukuzwa, alifukuzwa kwa wimbo, naye aliaga kwa wimbo, ndipo akatoka. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja mgeni alitueleza kwamba kitu hicho huko duniani kinaitwa opera, na kwamba yetu ni ile ya kuchekesha. Tulishangaa sana. Sisi tulidhani tumekibuni wenyewe, hapa hapa Garsen, kati ya soko la mifugo na mto.

Na nyinyi mnaojua leo kwamba mwanamke anaweza kusimama jukwaani, mjue kwamba zamani hakusimama. Sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume waliojifunga leso. Bibi harusi wetu wa kwanza alikuwa dereva wa trekta. Masharubu alikataa kuyanyoa, akasema mtaji wa mwanaume haunyolewi, kwa hiyo aliolewa akiwa nayo.

Siku moja alasiri tulikuwa mazoezini nyuma ya ghala la mpunga. Dereva wetu akawa anaimba wimbo wa kumuaga mama yake. Nje ya ua akapita mwanamke ametoka mtoni, mtungi kichwani. Akasimama.

"Jamani," akasema, "huyo bibi harusi anaolewa au anachinjwa?"

Tukacheka. Dereva akakasirika. "Kama wajua, imba wewe!"

Hakuutua mtungi. Aliimba vile vile, umesimama kichwani. Alikuwa amesikia wimbo ule mara moja tu, akipita, na aliurudisha wote, neno kwa neno, hata pale dereva alipokosea alikosea naye, halafu akapasahihisha. Vijana, mnanijua mimi naongeza chumvi. Nimewahi kusema sauti yake ilipasua vikombe vitatu na ndoa moja. Lakini hapa siongezi hata punje: mbuzi waliokuwa wakilia sokoni walinyamaza. Mpiga ngoma alisahau mkono wake hewani. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na nilipoitazama baadaye nilikuta nimeiuma ikakatika.

Huyo ndiye Salome. Jina la Kinanda alipewa na watu wiki ile ile. Hakujua kusoma hata herufi ya jina lake. Alikuwa mke wa Buya, mchonga mitumbwi, mtu wa maneno matatu kwa siku, mawili kati yake yakiwa salamu.

Kwa kuwa hakusoma, mimi nilikuwa macho yake. Nilikwenda kwake asubuhi, akatwanga mpunga, nami nikasoma. Mara moja tu. Nikirudia alinikemea: "Kaka Jilo, mimi si kinu, usinitwange mara mbili." Aliyashika maneno kwa mchi. Neno hili pigo la kwanza, neno lile pigo la pili. Ndiyo maana jukwaani mguu wake wa kulia haukutulia: ulikuwa unatwanga.

Sasa hapo niwape ufundi, maana najua baadhi yenu mnaigiza shuleni huko Hola mkiwa na maneno kwenye simu. Mwigizaji akikaribia kusahau, usimtazame usoni, uso ni mwongo. Tazama kifundo cha mguu. Kikihamia upande mmoja, neno limetoroka. Mpe neno la kwanza tu la mstari, si mstari mzima, la sivyo utamfanya aimbe huku akisikiliza, na hapo atakuwa kama mtu anayekunywa chai akipiga mbizi. Nong'ona kwa pumzi ya tumbo. Na usile karanga. Mimi nilikula karanga siku moja, nikapaliwa, na mfalme aliyekuwa amekufa jukwaani akafufuka kuuliza kama niko salama.

Lakini kosa langu kubwa ni lile la mabano. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza mbele ya watazamaji. Mwandishi wetu, yule yule mpiga ngoma, alikuwa na tabia ya kuandika vitendo ndani ya mabano: analia, anaanguka. Ngumbaru hawakutufundisha mabano, au walifundisha siku niliyokwenda msibani. Kifundo cha Salome kikahama. Nami, kwa bidii yote, nikanong'ona: "Analia, anaanguka."

Basi akaimba. "Analiaaa! Anaangukaaa!" Kwa sauti ile ya kunyamazisha mbuzi. Watu wakatazamana: nani analia? Salome akaona mambo yamekwenda kombo. Hakusita hata kupepesa jicho. Akamnyooshea kidole yule dereva wa trekta, ambaye sasa alikuwa akicheza baba wa bibi harusi, akarudia: "Analiaaa! Anaangukaaa!" Mpaka dereva wa watu akalia, akaanguka kweli. Uwanja ukavunjika mbavu. Kibwagizo hicho kilibaki kwenye mchezo miaka yote.

Baadaye alinijia pale chini. Nilikuwa tayari kurudi kupakia mbuzi kwenye malori, kazi yangu ya zamani.

"Kaka Jilo, yale maneno yalikuwa wapi kwenye daftari?"

"Kwenye mabano."

"Hayo mabano ni nini?"

"Hata mimi sijui, dada."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi tuko wawili. Ila siku nyingine ukininong'oneza mabano, nitakuimba wewe na ukoo wako."

Tulikwenda sehemu nyingi. Kipini ndiko nilikomwona akiwa mwanafunzi. Wenyewe wale Kiswahili ni cha mama zao, na sisi wa mtoni chetu ni cha kuazimana, Mpokomo akimwazima Morma, Morma akimwazima Mgiriama, kila mmoja akirudisha kimepungua kipande. Bibi mmoja wa pale alimsimamisha Salome baada ya mchezo. "Mwanangu, wewe waimba 'nimekuja'. Sema 'nimekuya'. Na mama wa mume si 'mama mkwe' tu, ana jina lake: mavyaa." Salome alilirudia neno hilo njia yote ya kurudi, mavyaa, mavyaa, akilipima ulimini kama mtu anayeonja chumvi. Tulipofika Garsen tayari alikuwa na mchezo mzima kichwani. Aliniambia niuandike. Ulianza na mlango kugongwa, na jina lake likawa *Mavyaa Amefika*.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia, maana Salome alikuwa na mavyaa wa kweli.

Mama Buya alikuwa mjane mwembamba, ameshika fimbo ambayo hakuihitaji kutembelea. Jicho lake lingeweza kukausha mpunga siku ya mawingu. Aliishi kijiji cha pili kando ya mto, na Buya alikuwa mwanawe pekee. Siku zile mke wa mtu kupanda jukwaani kuchekesha wanaume wa sokoni ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa muda mrefu Buya alimficha mama yake jambo hili. Na alilificha vipi? Jukwaa letu lilikuwa mitumbwi miwili iliyogeuzwa kifudifudi, mbao zikalazwa juu yake, nami nikakaa katikati kama samaki. Mitumbwi ile ilikuwa ya Buya. Mama yake alipouliza mbona inapelekwa sokoni kila wiki, alijibu, "Inakauka." Mitumbwi hiyo ilikauka miaka mitatu.

Salome alipojifungua binti, siri ikatoboka. Mtoto wa miezi minane, mama yake yuko sokoni anaimba, jirani gani angenyamaza? Mama Buya akaja. Nilikuwepo, daftari mkononi, nikaona ni adabu kulikalia.

"Mke wa Buya," akasema, "nasikia sasa unaigiza mama mkwe."

"Ni mchezo tu, mama."

"Nasikia anatembea kama mimi."

Na mimi nawaambia ukweli leo, kwa kuwa wahusika wamenisamehe: alitembea kama yeye. Fimbo ile ile, kikohozi kile kile. Aliiga mpaka ile namna ya kupitisha kidole kwenye sufuria na kukitazama.

"Ijumaa nitakuja sokoni," akasema Mama Buya. "Nikijiona pale juu, nakurudisha kwenu kwa mkono wangu. Mtoto anabaki. Buya, umesikia?"

Buya akatumia neno lake la tatu la siku ile. "Nimesikia."

Alipoondoka nilimsihi Salome. Nikamwambia tubadilishe, tuweke mchezo wa mfalme. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, na machozi yakimdondokea bila sauti.

"Kaka Jilo, nikiacha nitakuwa mzima, nitapika, nitalima. Lakini yule Salome mwingine atakufa, na nitaishi nyumba moja na maiti yake." Kisha akafuta uso. "Soma ukurasa wa mwisho. Mara moja tu."

Ijumaa ilifika, na ilifika katika kiangazi kibaya. Nyasi zilikuwa zimekwisha kutoka Bangale mpaka kwetu. Wafugaji walikuwa wameshusha ng'ombe mtoni, mbavu unazihesabu ukiwa umekaa. Soko lilijaa watu lakini halikuwa na kelele. Wazee wa Kiorma walisimama nyuma, mguu mmoja umepumzika juu ya goti la mwingine, wameegemea fimbo zao. Mbele kabisa, peke yake kwenye kigoda, alikaa Mama Buya.

Salome aliingia kinyumenyume, kama alivyozoea. Alituambia daima: wape mgongo kwanza, uso wako uwe zawadi. Akageuka, na ndiye, Mama Buya mtupu. Watu wakaangalia kigoda, wakaangalia jukwaa, wakashika midomo. Mama Buya hakutikisika.

Basi ukaja wimbo mkubwa wa mchezo. Mavyaa anakagua nyumba ya mkaza mwanawe na kila akionacho anauliza mbona. Mbona uji una madonge? Mbona mtungi mtupu? Mbona, mbona, mbona! Na baada ya kila mbona, kicheko kirefu cha dharau.

Sasa sikilizeni, maana hili ni kosa ambalo lisingetokea mahali pengine duniani. Ukiimba uwanjani kwa sauti ya juu, ile m ya mbele humezwa na upepo. Na kwa Kiorma, bona ni kiangazi. Wafugaji wakasikia: Bona! Mtungi mtupu! Bona, bona! Halafu kicheko.

Nyuma nikaona miguu ikishuka kutoka magotini. Mzee Guyo, aliyekuwa amepoteza ng'ombe wengi mwezi ule, akapenya katikati ya watu mpaka mbele. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mama," akasema, "bona naua ng'ombe yangu. Wewe nacheka?"

Ngoma ikanyamaza. Mama Buya akashika fimbo yake kama mtu aliyepata alichokijia.

Salome hakujua Kiorma. Alisimama pale na mdomo wazi nusu, na kifundo cha mguu kikahama. Nikafungua daftari, kana kwamba maneno ya hapo yangekuwemo! Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikanong'ona kitu ambacho hakikuandikwa popote: "Bona ni kiangazi kwao. Wanadhani unawacheka."

Pumzi moja. Labda mbili. Mimi niliona mwaka mzima ukipita.

Ndipo Salome akamwinamia Mzee Guyo kwa heshima, kama mgeni anayebisha hodi. Akavuta kigoda cha jukwaani, akakaa taratibu huku akiugulia magoti, akafungua kanga yake kama mtu aliyekuja kukaa siku nyingi. Akaimba chini, karibu kuzungumza, na kila neno lilizaliwa pale pale:

"Ndimi Bona, nimefika, tandikeni na mkeka,
nyasi nimezimaliza, na kisima kukauka,
mwaniambia ondoka, na mimi sijaridhika,
mwanangu nipe kigoda, leo hapa sitatoka!"

Mmeelewa? Alikigeuza kiangazi kikawa mama mkwe. Mgeni aliyekuja na mizigo, amekula kila kitu, amekunywa mpaka mtungi, na bado anauliza mbona chakula hakuna. Hakuwacheka wafugaji tena. Alikicheka kile kilichokuwa kikiwaua.

Mzee Guyo alisimama. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikadhani analia, na nafikiri alikuwa analia, lakini kikatoka kicheko, kikavu, kama lango ambalo halijafunguliwa msimu mzima.

"Ni kweli!" akapiga kelele, akageukia wenzake, akawatafsiria. "Ni kweli kabisa! Bona ni mama mkwe! Nakuja na mzigo, hataki kwenda kwao!"

Wafugaji wakacheka mpaka wakafunika nyuso kwa shuka. Wakulima wakacheka. Dereva wa trekta, ambaye hakuwa na sehemu katika wimbo ule, alilia akaanguka kwa mazoea. Nami kati ya mitumbwi nilikuwa na daftari kifuani, nikijua nimeona kitu ambacho hata nikiishi miaka mia mbili, na nimekusudia, sitakiona tena.

Kisha fimbo ikagonga ubao. Mara moja. Mama Buya amesimama.

Watu wakanyamaza safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Akapanda. Mtumbwi wa kushoto ukalia chini ya mguu wake, vumbi likaniangukia machoni. Salome akainuka, akashusha kichwa. Buya, aliyekuwa ameshika mtoto pembeni, akapiga hatua moja mbele, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

"Mke wa Buya," akasema mama mtu. "Umenikosea."

"Nisamehe, mama."

"Umekohoa mara mbili."

Salome akainua macho.

"Mimi sikohoi mara mbili," Mama Buya akaendelea, kwa sauti ya kusikika mpaka mnadani. "Nakohoa mara tatu. Ya kwanza mlangoni, wajue nimefika. Ya pili jikoni, wajue nimeona. Ya tatu nikishafunua sufuria. Na hiyo ya tatu si ya kifua, ni ya pua. Sogea."

Akashuka jukwaani, akapanda upya kwa kinyumenyume. Akakohoa ya kwanza. Watu wakaanza kufa kwa kucheka. Akakohoa ya pili. Alipofika kwenye sufuria akapitisha kidole, akakitazama, akaitazama hadhira nzima kana kwamba sisi ndio tuliopika, na akaitoa ile ya tatu. Ya pua. Vijana, sokoni pale palikuwa na fahali wa mnada aliyekata kamba. Mimi mpaka leo nashikilia kwamba aliikata kwa kicheko.

Salome alisimama kando, mikono mdomoni, akimtazama mama mkwe wake kama mtu aliyekuwa akichora mto kwa kusimuliwa, halafu akafikishwa ukingoni.

Kesho yake sikujua niende kwao au nisiende. Kuchekesha watu ni kitu kimoja, kumrudisha mke kwao ni kingine, na mtu anaweza kufanya yote mawili wiki moja. Nilikwenda polepole, daftari kwapani, nikapiga hodi nikiwa mbali.

Kinu kilikuwa kimya. Salome alikuwa ameketi chini, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Mama Buya alikuwa kwenye kigoda, mizigo miwili aliyokuja nayo imefunguliwa kando, mjukuu amelala begani mwake.

"Wewe wa mabano," akaniambia, "umechelewa. Soma, mtoto nimemshika mimi."